Mjerumani wa Ng'ambo ya Barabara

Niliwaacha juma lililopita nikiwa nyuma ya pazia la ofisi yangu hapa Malili, nikichungulia yadi ya jirani. Mtu mzima mwenye ndevu, baba wa watoto, nachungulia kama mwizi wa kuku.

Kwa anayejiunga nasi leo, jina langu ni Kyule. Nauza Halbrook, gari la Kiingereza ambalo zamani lilibeba mabalozi na majaji. Ng'ambo ya barabara ya Mombasa, Mulwa anauza magari ya Mjerumani.

Mulwa alikuwa akiuza mitumba kule Emali. Mimi ndiye niliyemtoa huko. Nilimfundisha namna ya kumfungulia mteja mlango, na namna ya kunyamaza mteja anapokaa kitini kwa mara ya kwanza. Akashika yote. Kisha akatafuta wafadhili wake, akafungua yadi mkabala na yangu, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri kooni.

Mnakumbuka pia kwamba bosi wangu wa Nairobi alikuwa amenionya. Magari ya Halbrook yalikuwa yamekaa yadini mpaka matairi yakaanza kunywea. Nikikosa kuuza, yadi inafungwa.

Tumaini lilibaki moja. Kanisa letu, ambalo lina matawi Kitui na Makueni, lilikuwa likimnunulia Askofu Mbuvi gari la kumshukuru kwa utumishi wake. Kamati ilikuwa imebakiwa na magari mawili ya kuchagua: Halbrook langu jeusi, na Mjerumani wa Mulwa.

Katibu wa kamati hiyo ni mke wangu, Mutanu.

Mtasema basi kazi ilikuwa rahisi. Ngojeni.

*

Kamati ilikuja Jumatatu asubuhi kulijaribu gari. Alikuja Askofu mwenyewe, Mzee Musyimi ambaye ni mwenyekiti, Mama Ndinda anayeongoza akina mama, na Mutanu. Mimi nilikuwa dereva. Tulikubaliana niwapeleke hadi Kwa Vonza, kwenye kanisa kuu, tupitie Machakos na Wamunyu.

Nawaambia ukweli, siku hiyo Halbrook lilijiuza lenyewe. Mama Ndinda alivua viatu kabla ya kuingia. Mzee Musyimi, ambaye hulalamikia mgongo hata akiwa kitandani, alisinzia kabla hatujafika Machakos. Mutanu alipapasa ngozi ya kiti, na nikamwona kwenye kioo akitabasamu kidogo.

Askofu alikaa mbele kando yangu. Alinieleza kwamba alipokuwa kijana aliwahi kumwona jaji akishuka kwenye Halbrook mjini Kitui, na watu wote sokoni wakasimama. Alisema hakuwahi kumwambia mtu, lakini siku ile alimwomba Mungu ampe gari kama lile kabla hajafa.

Moyo wangu ulipaa. Nilimwona Mulwa akilia. Nilimwona akirudi Emali kwenye mitumba yake.

Tulipofika Kwa Vonza watu walijaa kulitazama gari. Nikashuka nikasimama kando kwa madaha, nikingoja walisifu. Muuza matunda mmoja akalizunguka, akainama kusoma maandishi ya mbele, akamuuliza Askofu kwa heshima kama hili ni lile gari jipya la Mchina.

Watu wakacheka. Askofu naye akacheka, lakini nilimwona akiangalia chini. Hakuna mtu aliyejua Halbrook ni nini. Wale waliosimama sokoni Kitui kwa ajili ya jaji wamekwisha kuzeeka au kufa.

Wakati wa kurudi, karibu na Wamunyu, lori la mchanga lilirusha jiwe. Jiwe likapiga taa ya mbele ikapasuka.

Mzee Musyimi aliamka. Tulisimama kando ya barabara, yeye akaishika ile taa iliyovunjika, akaniuliza taratibu, "Kyule, taa kama hii inapatikana wapi?"

Nikamwambia Nairobi.

Sikusema uongo kamili. Bosi yuko Nairobi, na bosi ndiye angeagiza. Lakini taa yenyewe ingetoka Uingereza kwa meli, na hakuna aliyejua ingefika lini. Nilipompigia simu bosi jioni aliniambia ning'oe taa ya gari jingine lililo yadini niiweke kwenye hilo. Kwa hivyo nikalipofua Halbrook moja ili lingine lipate kuona, huku nikiangalia ng'ambo ya barabara nisije nikaonekana.

Kesho yake ikawa zamu ya Mulwa. Njia ile ile, kamati ile ile.

Mutanu alirudi nyumbani akasimulia wakati wa chakula, na sikuwa nimemuuliza. Alisema walipokuwa hawajafika hata kwenye stendi ya Kwa Vonza, watu walikuwa tayari wanalitaja lile gari kwa jina. Alisema bampa iligusa tuta, na Mulwa akacheka tu, akamwambia Mzee Musyimi kwamba bampa kama ile angeipata Machakos kabla chai haijapoa.

Alisema "Mulwa" mara nyingi sana katika masimulizi hayo. Mimi nilikuwa nahesabu.

*

Katikati ya juma akaja Duale. Huyu ni mfanyabiashara wa mifugo pale Emali, mtu wa kaskazini mashariki aliyeishi kwetu mpaka akajua Kikamba kuliko wanangu. Amekuwa rafiki yangu miaka mingi. Aliketi ndani ya Halbrook, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena ili asikie tu ule mlio mzito. Akaniambia ni gari tamu kuliko yote aliyowahi kukalia.

Kisha akashuka, akatikisa kanzu yake, akavuka barabara akaenda kwa Mulwa.

Nikamfuata hadi ukingoni mwa lami. Sikuona aibu. Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea, ndugu yangu," Duale akasema. "Gari yako ni nzuri kushinda ya Mulwa, wallahi. Lakini mimi nikinunua fahali, kitu ya kwanza naangalia ni nani atamnunua kwangu. Hii yako nikiichoka nitampelekea nani?"

Nikamwambia watu wakianza kununua, soko litakuja.

"Watu hawanunui kwa sababu hakuna spea. Na spea hazipo kwa sababu watu hawanunui. Hiyo kamba imejifunga yenyewe, Kyule. Unataka mimi niwe mtu wa kwanza kuikata na meno?"

Akanishika bega akaenda zake. Nilisimama pale malori yakinipulizia vumbi.

Maneno yake yaliniuma kwa sababu niliyajua. Niliyajua kabla yake. Mjerumani kila mwaka analeta sura mpya, analeta gari refu la kupanda milima ya kwetu, analeta rangi ambazo vijana wanataka. Sisi Halbrook tunaletewa historia. Mteja wa Mulwa anamleta shemeji yake, shemeji anamleta mwajiri wake. Mteja wangu wa mwisho, daktari mmoja wa Wote, alikuwa akinipigia simu kunilaumu tu. Na fundi akiona nembo ya Halbrook anafunga boneti upesi kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu ndani.

Lakini kujua kitu hakukuzuii kumchukia aliyekushinda. Niliingia ofisini nikavuta pazia.

Siku hiyo hiyo, saa ya chakula cha mchana, nilimwona Mutanu.

Alikuwa kwa Mulwa. Amevaa ile nguo ya kitenge cha kijani ambayo huvaa harusini. Mulwa alimvutia kiti chini ya kivuli cha ofisi yake, akamletea chai kwa mkono wake mwenyewe. Walizungumza. Mutanu alikuwa akieleza jambo kwa mikono, kama anavyofanya akiwa na jambo zito, na Mulwa alikuwa ameinama mbele akisikiliza, kimya kabisa. Nilikitambua kile kimya. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Kisha Mutanu akafuta macho kwa leso. Mulwa akaondoka kitini, akafungua mlango wa ofisi, wakaingia wote wawili. Mlango ukafungwa.

Jioni nilimuuliza mke wangu alishinda wapi. Alinijibu huku akichambua ndengu kwamba alikuwa Wote, kwa shughuli za shule anakofundisha. Hakuinua kichwa.

Nilikula, nikaomba na watoto, nikalala nikiangalia ukuta. Nilikuwa nimempoteza Duale, nimeupoteza ushindi wa Kwa Vonza, na sasa mtu yule ananyoosha mkono hadi kwenye nyumba yangu. Nilijiambia hawezi kupata vyote. Hata Mungu hawezi kumpa mtu mmoja vyote.

*

Siku ya soko nilikwenda Emali.

Mama Ndinda ana duka la vitambaa pale, na kila mtu wa kanisa letu anajua kwamba neno likiingia kwa Mama Ndinda asubuhi, mchana limefika Kitui. Si mtu mbaya. Anaamini tu kwamba jambo la kuombewa lazima liombewe na wengi.

Nilinunua kitambaa ambacho sikukihitaji. Nikauliza habari za nyumbani kwake. Kisha nikapumua kwa nguvu kama mtu mwenye mzigo, naye akaniuliza nina nini.

Nikamwambia mimi ni mshindani wa Mulwa, kwa hivyo si vizuri niseme. Akaniambia niseme. Nikamwambia ni heri ninyamaze, watu watafikiri ni wivu. Akaacha kupima kitambaa.

"Sema, mwanangu. Ni askofu wetu ndiye atapanda hiyo gari."

"Mimi nasema tu mchunguze, mama," nikasema. "Nimesikia hilo gari lilipinduka huko lilikotoka, likanyooshwa, likapakwa rangi. Mimi sikuona. Nimesikia. Na tafadhali usinitaje."

Mama Ndinda akaweka mkono kifuani.

Ulikuwa uongo mtupu. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba ulikuwa uongo, kwa sababu lile gari lilipoteremshwa Mombasa mimi na Mulwa tulikuwa pamoja bandarini. Tulikuwa bado tunasalimiana wakati huo. Aliniomba nimsaidie kulikagua, nami nikavua shati, nikalala chali chini yake, nikaipapasa chasisi kutoka mwanzo hadi mwisho. Halikuwa na hata mkwaruzo. Nilitoka kule chini nikamwambia, "Hili ni safi kama yai," na ndani yangu kitu kikaanza kuchemka ambacho hakijaacha kuchemka mpaka leo.

Nilirudi Malili nikiimba.

Sijui Mama Ndinda aliomba na wangapi. Ninachojua ni kwamba kabla ya juma kwisha, wateja walikuwa wakisimama ng'ambo ya barabara wakiinama chini ya magari ya Mulwa, wakiyagonga mbavu kama tikiti maji. Duale alikuwa amekwisha kuchagua lake, lakini akatuma ujumbe kwamba angesubiri kwanza. Kama moja lilipinduka, nani ajuaye mengine? Nilimwona Mulwa amesimama peke yake katikati ya yadi, mikono kiunoni, akiangalia magari yake kana kwamba yamemsaliti.

Wivu ni kitu cha ajabu. Nilifikiri nikimwona hivyo ningeshiba. Sikushiba. Nilitaka kuona zaidi.

Alhamisi ya juma lililofuata, mchana, simu ikalia. Alikuwa Mzee Musyimi. Alisema kamati imeamua kuchukua Halbrook. Alisema Askofu mwenyewe alifurahi mno, hata akakiri kwamba tangu mwanzo roho yake ilikuwa huko, lakini hakutaka kuwalazimisha watu wake.

Bosi akanipigia kutoka Nairobi, akaniita simba. Hajawahi kuniita hivyo. Akasema angekuja mwenyewe kanisani Jumapili kuona gari likikabidhiwa.

*

Nilifika nyumbani na nyama na soda za watoto. Mutanu hakuzigusa. Aliwatuma watoto kwa bibi yao, akaketi mbele yangu.

Aliniuliza kama nilisikia habari kwamba gari la Mulwa lilipinduka. Nikasema nimesikia, kama watu wengine. Akaniuliza nilisikia kwa nani. Nikasema sokoni.

"Baba Mwende," akasema, "si wewe uliniambia ulilala chini ya gari hiyo huko Mombasa ukakosa kuona kasoro?"

Nilikuwa nimesahau kwamba nilimwambia. Mtu akibanwa hushika fimbo iliyo karibu, na mimi nilikuwa na fimbo yangu tayari.

"Na wewe," nikamwambia, "Mulwa anakuuma hivyo kwa nini? Nilikuona kwake. Umevaa kitenge cha harusi. Nilikuona ukilia, nikaona mlango ukifungwa. Ukaja hapa ukaniambia ulikuwa Wote."

Nilitarajia ataruka. Nilitarajia machozi, au matusi, au ataniomba msamaha, na nilikuwa nimekwisha kuandaa uso wa kumkatalia. Alinitazama tu, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Nilienda kukuombea kazi," akasema.

Nikafikiri sijasikia vizuri.

Akanieleza polepole. Alisema redio ilitangaza kwamba wenye Halbrook kule Uingereza wanaondoka Afrika Mashariki, wanafunga yadi zote, na mimi nilikuwa nimeketi palepale nikainuka nikaizima. Alisema ameona nikikonda. Alisema ameniona nikiongea peke yangu kwenye pazia. Kwa hivyo alivaa nguo yake nzuri, akavuka barabara, akamwambia Mulwa kwamba mumewe anazama na hataki kushika mkono wa mtu.

"Nililia kwa sababu alikubali kabla sijamaliza," Mutanu akasema. "Alisema hakuna mtu Ukambani anajua kuuza gari kama wewe. Anafungua yadi mpya Kitui mjini na anataka wewe uisimamie. Tuliingia ofisini akanionyesha picha ya mahali. Akaniomba nisikwambie, anataka kuja kukuuliza mwenyewe, kwa heshima, kwa sababu ulikuwa mwalimu wake. Hiyo ndiyo sababu nilikudanganya."

Wasomaji wangu, naomba msinihukumu upesi, ingawa mna haki. Nitawaambia nililohisi wakati ule. Sikuhisi aibu. Sikuhisi hata nafuu. Nilihisi kwamba ingekuwa afadhali kama wangekuwa wapenzi. Mtu akikuibia mke unaweza kumchukia mpaka kaburini na watu wote wakakuunga mkono. Mtu akikuhurumia, unafanya nini naye?

"Ni wewe ulisema ile maneno?" Mutanu akaniuliza.

"Si mimi," nikasema.

Akainuka akaenda kuwasha moto. Soda zikabaki mezani.

*

Jumapili kanisa la Kwa Vonza lilifurika mpaka watu wakasimama nje madirishani. Halbrook lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango, limefungwa utepe. Bosi wangu alikuwa amekaa kiti cha wageni, miwani nyeusi kichwani. Askofu Mbuvi alikuwa amekwisha kupewa ufunguo na hakuwa ameuweka mfukoni. Aliushika mkononi wakati wote wa mahubiri kama mtoto.

Baada ya baraka, kabla watu hawajatoka kulizunguka gari, Mulwa aliinua mkono kutoka viti vya nyuma.

Sikujua alikuwa amekuja. Yeye ni wa tawi la Emali. Alivaa suti, na suti ilikuwa imemlegea. Aliomba ruhusa ya kusema, Askofu akampa.

Hakupandisha sauti. Alisema hajaja kupinga gari la Askofu, gari limechaguliwa na anaomba Mungu alibariki. Alikuja kwa sababu ya jina lake. Alisema wateja wamemkimbia, vijana wake wa kazi wameanza kutafuta mahali pengine, na mama yake mzazi ameulizwa kisimani kama kweli mwanawe anauza mikweche iliyopakwa rangi.

"Ningeweza kuwaletea vyeti," akasema, "lakini vyeti siku hizi kila mtu anasema ni vya kughushi vya River Road. Kuna mtu hapa ndani alilala chini ya hiyo gari siku ilishuka melini. Ni mwalimu wangu. Ni mshindani wangu pia, kwa hivyo hana sababu ya kunipendelea. Naomba Kyule asimame aseme aliona nini. Akisema ilipinduka, nitafunga yadi kesho."

Kanisa zima likageuka kunitazama. Bosi wangu akashusha miwani machoni. Nilikuwa nimeketi katikati ya safu.

Kabla sijainuka, Mama Ndinda alisimama upande wa akina mama. Nadhani aliona kitanzi kinamzunguka yeye.

"Askofu, mimi ndiye nililileta hilo neno kwa kamati," akasema. "Lakini sikulitunga. Niliombwa nisitaje mtu, na sitataja. Nitasema tu kwamba lilitoka nyumbani kwa katibu wetu."

Nyumbani kwa katibu.

Watu hawakunitazama tena. Vichwa vyote vilihama kwenda mbele, kwenye meza ya kamati, alikokuwa Mutanu. Kila mtu alijua kwamba alionekana kwa Mulwa. Malili ni mji mdogo, na mlango ukifungwa mchana watu hukumbuka. Nikasikia mnong'ono ukipita kwenye viti kama moto kwenye nyasi kavu. Mtu nyuma yangu alisema kwamba basi ndiyo hivyo, yeye na Mulwa wamekosana.

Ningesimama wakati huo. Nilitaka kusimama. Nilikuwa nimekwisha kushika kiti cha mbele yangu ili nijivute.

Mutanu alisimama kwanza.

Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Sikuona hasira usoni mwake. Sikuona hata ombi. Kisha akamgeukia Askofu.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilisema. Mume wangu hana habari ya jambo hili."

Mama Ndinda akafungua mdomo, akaufunga. Askofu akauweka ule ufunguo juu ya meza polepole, ukatoa mlio mdogo ambao kanisa zima liliusikia. Mzee Musyimi akavuta ile karatasi ya kamati kutoka mbele ya mke wangu, kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Kyule," Askofu akasema, bila kumtazama Mutanu. "Bado umeitwa. Simama utuambie ulichokiona Mombasa."

Nikasimama. Shemasi akaniletea kipaza sauti. Kulikuwa na maneno mawili ya kusema, kwamba gari lilikuwa safi na kwamba uongo ulikuwa wangu, na lile la pili lilikuwa la kumwokoa mke wangu, na nawaapia nilikuwa nayo yote kwenye ulimi.

Lakini kabla ya kusema lolote, Mungu anisamehe, nilimtazama Mulwa, nione anamtazamaje Mutanu.

Mulwa alikuwa akilia.